Bibi wa Sentimita 14 na Saa ya Dola Milioni 55

Wakusanyaji wa nyumba za wanasesere wana kipimo chao: inchi moja ndani ya nyumba huwakilisha futi moja ya nje. Kila kitu kinapunguzwa mara 12. Bibi mwenye urefu wa mita 1.68 anabaki na sentimita 14, na meza yake ya kulia unaibeba kwa vidole viwili. Mafundi wa Ulaya na Marekani wameshamtengenezea bibi huyo karibu kila alichonacho mwenzake wa kimo cha kawaida: viatu vya ngozi, soksi za kufuma, mkufu wa lulu, hata choo cha kuvuta maji. Kilichobaki ni saa ya mkono inayokwenda kwa kamani.

Hesabu yenyewe inakataa. Saa ya kike yenye upana wa sentimita 3 ikipunguzwa mara 12 inakuwa milimita 2 na nusu. Mashine ya saa inayoshikilia rekodi ya udogo hadi leo ina urefu wa milimita 14. Mvishe bibi wetu, nayo itamfunika zaidi ya nusu ya mkono kutoka kiwiko hadi kifundo.

Nimeziweka pamoja rekodi za nyumba hizi na za saa za almasi kwa sababu zilianza zikishindania jambo moja, yaani kupunguza kitu bila kukiharibu, kisha zikaachana njiani. Wenye wanasesere wameendelea kupunguza. Wenye almasi, kwa maoni yangu, wamekuwa wakiongeza tu.

Ndogo kuliko zote

Mashine hiyo ya milimita 14 inaitwa Calibre 101. Ilitoka mwaka 1929 kwenye karakana za LeCoultre, katika bonde la Vallée de Joux nchini Uswisi, kampuni ambayo leo ni Jaeger-LeCoultre. Upana wake ni milimita 4.8 na unene milimita 3.4. Uzito wake haufiki gramu moja. Ndani ya nafasi ya moja ya tano ya sentimita ya ujazo, mafundi wa mwanzo walipachika vipande 74. Matoleo ya siku hizi yana 98.

Walifanikiwa kwa kujenga ghorofa. Magurudumu ambayo kwa kawaida hutandazwa pamoja waliyapanga tabaka mbili, moja juu ya nyingine, na kitufe cha kujazia saa wakakihamishia mgongoni. Ndiyo maana ukiitazama kwa mbele huoni kitufe ubavuni. Unaona bangili ya almasi, na katikati yake kijidirisha chenye akrabu mbili nyembamba kama unywele. Sonara alipata uhuru wa kuchora anachotaka bila fundi saa kumwingilia, na fundi saa naye akaonyesha kwamba hahitaji nafasi.

Tarehe 2 Juni 1953, Elizabeth wa Pili alipotawazwa Westminster, saa iliyokuwa mkononi mwake ilikuwa na mashine hiyo. Mwaka huohuo nyumba ya Cartier ya London ilimtengenezea pambo la kifuani lenye umbo la ua, na katikati ya ua hilo likawekwa jiwe lililotoka Shinyanga. Almasi hiyo ya waridi ilipatikana Mwadui mwaka 1947, ikiwa na karati 54.5 kabla ya kuchongwa. Mwenye mgodi, mjiolojia Mkanada John Williamson, aliitoa kuwa zawadi ya harusi kwa binti mfalme huyo. Baada ya kuchongwa ilibaki na karati 23.6, sawa na gramu 4.7 hivi. Yaani jiwe la Mwadui peke yake lina uzito unaopita mashine nne nzima za saa ile ya kutawazwa, na hapo hatujahesabu petali.

Ya kwanza, na wanaoigombea

Ukiuliza saa ya kwanza ya mkono ni ipi, utapata majibu matatu, na yote matatu ni ya wanawake.

La zamani zaidi ni la Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza. Kwa mwaka mpya wa 1572 alipewa na Robert Dudley, mkuu wa Leicester, kikuku cha dhahabu kilichojaa yakuti na almasi, chenye saa kwenye kifungo chake. Kimeandikwa katika orodha za zawadi za malkia. Chenyewe hakipo tena.

La pili lina karatasi zilizokamilika kuliko jingine lolote. Tarehe 8 Juni 1810, Caroline Murat, malkia wa Napoli na dada wa Napoleon, aliagiza kwa Abraham-Louis Breguet wa Paris saa ya kuvaa mkononi. Vitabu vya karakana vinaitaja kwa namba 2639. Ilikuwa nyembamba, ya umbo la yai, inagonga saa ikibonyezwa, inaonyesha mwezi, na ina kipimajoto. Mkanda wake ulisukwa kwa nywele na uzi wa dhahabu. Watu 17 waliifanyia kazi na ikamalizika Desemba 1812. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa mwaka 1855, ilipoletwa kufanyiwa matengenezo. Tangu hapo haijulikani iliko.

La tatu ndilo linalotajwa zaidi kwenye vitabu vya rekodi: bangili ya dhahabu ambayo Patek Philippe waliitengeneza mwaka 1868 na kumuuzia mwanamke wa ukoo wa kikabaila wa Hungaria, Koscowicz. Iko Geneva, katika makumbusho ya kampuni hiyo.

Binafsi nampa Caroline ushindi. Elizabeth alipewa zawadi, na Koscowicz alinunua kilichokwisha kutengenezwa. Caroline ndiye aliyejua anachotaka, akakiagiza, akakingoja miaka miwili na nusu.

Wanaume wa zama hizo hawakujali kabisa. Saa ya mwanamume ilikaa mfukoni kwa mnyororo, na ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la bibi. Vita Kuu ya Kwanza ndivyo vilivyowageuza, kwa kuwa askari aliyeshika bunduki hakuwa na mkono wa kupekua mfuko. Wakati huo wanawake wenye fedha walikuwa wameshavaa saa kwa zaidi ya karne, ila kwa sharti la ajabu: saa isionekane. Adabu za kumbi za Ulaya zilimkataza bibi kutazama saa mbele ya wageni, maana ni kama kuwaambia waondoke. Kwa hiyo masonara wakaificha chini ya kifuniko, ndani ya ua, au nyuma ya jiwe kubwa. Nusu ya historia ya saa za almasi ni historia ya mafichoni.

Nyumba zilizogharimu nyumba

Mwaka 1686 Petronella Oortman aliolewa Amsterdam na mfanyabiashara wa hariri, Johannes Brandt. Kwa miaka zaidi ya ishirini iliyofuata alijaza kabati moja. Nje lilinakshiwa kwa ng'amba na madini meupe. Ndani lilikuwa na vyumba vya nyumba ya kitajiri, vyenye vyombo vya kaure vilivyoagizwa China kwa kipimo kile cha kitoto, vikapu vya kusukwa, na shuka zilizotiwa herufi. Gharama yake inakadiriwa kuwa kati ya gulden 20,000 na 30,000, fedha iliyotosha kununua nyumba halisi kando ya mfereji mjini humohumo. Kabati hilo sasa liko Rijksmuseum. Mchoraji Jacob Appel alilichora mwaka 1710 hivi, na katika mchoro wake mabibi na watumishi wapo, kila mmoja chumbani kwake. Kwenye kabati lenyewe karibu wote wametoweka. Vyombo vimewashinda wenye nyumba kwa kudumu.

Ukitaka wanasesere wengi, nenda Arnstadt, Ujerumani. Auguste Dorothea, mke wa mtawala wa Schwarzburg-Arnstadt aliyefiwa na mumewe mwaka 1716, aliutumia ujane wake kujenga si nyumba bali mji mzima aliouita Mon Plaisir. Una vyumba 82 na wanasesere 391. Kuna mabibi wanaosukwa nywele na mabibi wanaocheza karata, wapishi, watawa, waganga, wauza sokoni. Anayepita mbele ya masanduku hayo anaona maisha ya mji mdogo wa Ujerumani wa karne ya 18 kwa undani ambao wachoraji wa ikulu hawakujishughulisha nao. Mwenyewe alifariki mwaka 1751.

Kwa thamani iliyokadiriwa, bingwa wa leo ni Astolat, kasri lililojengwa Colorado na fundi Elaine Diehl kati ya mwaka 1974 na 1987. Lina vyumba 29 na kimo cha futi 9, na wathamini waliliandikia dola milioni 8.5. Lilionyeshwa New York mwaka 2015. Tofauti na Petronella, Diehl alikuwa fundi mwenyewe.

Colleen Moore, nyota wa filamu zisizo na sauti, alianza kasri lake mwaka 1928. Lilipomalizika mwaka 1935 lilikuwa limekula karibu dola 500,000, na Marekani ilikuwa imezama katika mdororo wa uchumi. Pengine aliona haya, pengine alikuwa na moyo. Vyovyote iwavyo, alilizungusha nchi nzima watu walilipie kuliona na fedha ziende kwa watoto wagonjwa na wenye ulemavu. Sebuleni linaning'inia thuria la dhahabu lenye almasi, zumaridi na lulu za kweli, na taa zake hazizidi punje ya ngano. Tangu mwaka 1949 limekaa kwenye makumbusho ya sayansi na viwanda ya Chicago.

Zote hizi, hata hivyo, huiachia njia nyumba ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyoko kasri la Windsor. Wazo lilikuwa la binti mfalme Marie Louise, rafiki yake malkia, ambaye alijua udhaifu wa mwenzake kwa vitu vidogo. Ramani ilichorwa na Edwin Lutyens, msanifu aliyekuwa wakati huohuo anajenga New Delhi. Kazi ilianza mwaka 1921 na kumalizika mwaka 1924, ikahusisha wasanii na mafundi wapatao 1,500. Mwaka huo watu milioni 1.6 waliitazama kwenye maonyesho ya Wembley.

Kinachoifanya iwe rekodi ni kwamba vitu vyake vinafanya kazi. Maji ya bomba ya moto na baridi yanatoka. Taa zinawaka. Lifti zinapanda na kushuka. Choo kinavuta maji. Chupa za ghalani ziliwekwa mvinyo wa kweli. Kwenye chumba cha hazina kuna mataji yaliyopambwa kwa almasi, yakuti na lulu halisi. Bustani, iliyobuniwa na Gertrude Jekyll, inalala ndani ya mtoto wa meza chini ya nyumba na kuvutwa nje inapotakiwa. Cartier nao, ambao masonara wao miaka hiyo walikuwa wakiuza saa za almasi kwa wake wa mabwenyenye, waliitengenezea nyumba hii saa za kusimama.

Maktaba ndiyo inayonishangaza zaidi. Waandishi walitumiwa vitabu vitupu vyenye ukubwa wa stempu na kuombwa wavijaze kwa mkono wao. Arthur Conan Doyle aliandika kisa kipya cha Sherlock Holmes. Thomas Hardy na Rudyard Kipling walituma mashairi. Vita Sackville-West alitunga hadithi ya roho mmoja anayeishi ndani ya nyumba hiyohiyo, na hadithi hiyo haikuchapishwa kwa wasomaji wa kawaida hadi mwaka 2017. George Bernard Shaw alikataa katakata, na barua yake, kwa waliyoyasimulia walioipokea, haikuwa ya heshima.

Windsor pia wanakaa mabibi wawili ambao si wa kipimo cha 1 kwa 12, lakini ndio wanasesere waliovishwa kuliko wote ninaowafahamu. Mwaka 1938 Ufaransa iliwapa mabinti wa mfalme, Elizabeth na Margaret, wanasesere wanaoitwa France na Marianne. Walikuja na mizigo yao: vitu zaidi ya 350 kutoka nyumba kubwa za mitindo za Paris, nguo za Lanvin, mikoba ya Vuitton, glavu, miavuli, manukato, vito vya Cartier. Elizabeth alikuwa na miaka 12, Margaret 7. Ni shida kuamini kwamba waliruhusiwa kuwachezea.

Aghali kuliko zote, ukikubali bei iliyoandikwa na muuzaji

Zamani bei ya saa ingeweza kukushangaza. Siku hizi inabidi uulize kwanza ni bei ya aina gani. Machi 2014, Graff wa London walionyesha huko Basel saa waliyoiita Hallucination: bangili ya platini iliyojaa almasi za rangi zote, za njano, za waridi, za buluu na za kijani, zaidi ya karati 110, kwa dola milioni 55. Inatajwa kila mahali kuwa saa ya almasi yenye bei kubwa kuliko zote. Ndani yake mna mashine ya betri. Kijisahani cha kuonyesha saa ni kidogo kiasi kwamba unakitafuta kwanza, na ukikipata unajiuliza kama kulikuwa na haja.

Chopard walitangulia mwaka 2000 na saa ya karati 201, bei dola milioni 25. Hiyo angalau ina mzaha wa kizamani ndani yake: almasi tatu zenye umbo la moyo, moja ya waridi, moja ya buluu, moja nyeupe, hufunguka kwa springi kama petali na kufunua saa iliyofichwa. Caroline Murat angeielewa.

Niliyoipenda zaidi katika kundi hili ni ya Vacheron Constantin, Kallista, ya mwaka 1979. Walianza na kipande kimoja cha dhahabu chenye uzito wa kilo moja, wakakichonga mpaka kikawa saa, wakapachika almasi 118 zenye jumla ya karati 130 hivi. Ilichukua saa 6,000 za kazi. Ukifanya kazi saa nane kwa siku bila kupumzika hata Jumapili, hiyo ni miaka miwili na zaidi.

Sasa weka bei za wauzaji kando, utazame bei zilizolipwa kwenye minada ya wazi. Novemba 2019, Geneva, saa ya Patek Philippe ya Grandmaster Chime ilinunuliwa kwa faranga milioni 31 za Uswisi, rekodi ya saa ya mkono mnadani. Ni ya chuma. Haina almasi hata moja. Kilicholipiwa ni mashine yenye kazi 20 tofauti ndani ya sanduku moja la kuvaliwa mkononi. Na Oktoba 2022, huko Hong Kong, Sotheby's waliuza almasi ya waridi ya karati 11.15 kwa dola milioni 57.7. Ilipewa jina la Williamson Pink Star, kwa heshima ya jiwe lile la Mwadui. Ni gramu mbili na kidogo za jiwe tupu, na zimeipita saa nzima ya Graff.

Kwa upande wa wanasesere, Barbie aliyevunja rekodi aliuzwa New York mwaka 2010, wakati mgodi wa Argyle wa Australia ulikuwa bado unatoa almasi za waridi. Sonara Stefano Canturi alimvisha mkufu wenye moja yake, ya karati moja, na mnada ukafika dola 302,500 zilizokwenda kwenye utafiti wa saratani ya matiti. Mkufu upo. Saa hana.

Mabibi waliokufa

Rekodi ya mwisho ya nyumba ndogo haina mshindani, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejaribu. Frances Glessner Lee alizaliwa Chicago mwaka 1878 katika familia iliyotajirika kwa mashine za kilimo. Alitaka kusoma chuo kikuu; familia haikutaka. Alipofika makamo na fedha zikawa mikononi mwake, alifadhili idara ya tiba ya sheria Harvard, na katika miaka ya 1940 akaanza kutengeneza vyumba vya wanasesere kwa kipimo kilekile cha inchi kwa futi. Ndani ya kila chumba kuna maiti.

Wengi wao ni wanawake, na wengi wako nyumbani kwao: jikoni karibu na jiko la gesi, kwenye beseni la kuogea bomba likiwa wazi, kitandani. Alipaka rangi ngozi zao kulingana na muda waliokaa wamekufa na walivyolala. Soksi zao alizifuma mwenyewe kwa pini za kawaida, maana sindano za kufumia zilikuwa nene mno. Sigara alizisokota kwa tumbaku halisi. Wapelelezi waliofundishwa kwake walipewa dakika 90 kwa chumba, wakizunguka na tochi na kioo cha kukuzia, wakitafuta lililomuua bibi. Mwaka 1943 polisi wa New Hampshire walimpa cheo cha kapteni. Vyumba 18 viko Baltimore, kwenye ofisi ya mchunguzi mkuu wa vifo, na vinaendelea kufundishia. Majibu hayatolewi kwa umma.

Wanaohesabu

Imebaki rekodi ya wingi. Mwaka 2018 kampuni moja ya Hong Kong, Coronet, iliingia kwenye kitabu cha Guinness kwa saa yenye almasi 15,858. Mwishoni mwa 2022, Renani Jewels wa Meerut, India, wakaipita kwa saa ya umbo la ua yenye 17,524, zikiwemo 12 nyeusi. Rekodi ya aina hii huvunjwa na yeyote aliye na subira, fedha na mahali pa kubandika jiwe moja zaidi. Ile ya mwaka 1929, ya milimita 14, haijavunjwa, na Jaeger-LeCoultre bado wanaitengeneza mashine hiyo kwa mkono, kwenye bonde lilelile.